Mbwa wa jukwaani

Mbwa wa jukwaani ni mbwa aliyefunzwa kushiriki katika mchezo wa kuigiza unaofanyika moja kwa moja mbele ya watazamaji. Anaweza kuwa mhusika mwenye jina na nafasi yake katika hadithi, kama Sandy katika tamthilia ya muziki *Annie*. Anaweza pia kupita jukwaani kwa dakika chache tu ili kuonesha mazingira ya mchezo, kwa mfano mbwa wa mwindaji au wa mchungaji.

Mbwa hajui kwamba anaigiza. Kwake jukwaa ni mahali pa kufanya mambo aliyozoeshwa, na baada ya kila jambo hutarajia kipande cha nyama, mchezo au sifa. Maana ya tendo lake katika hadithi hutolewa na waigizaji binadamu pamoja na watazamaji. Kwa sababu hiyo kazi yake hutegemea watu wasiopungua watatu: mkufunzi, mwigizaji anayeshirikiana naye na meneja wa jukwaa. Kwa sababu hiyohiyo kuna maswali ya haki na ya huruma, kwani mbwa hawezi kusaini mkataba wala kusema kwamba amechoka.

## Tofauti na filamu na sarakasi

Katika filamu mkufunzi anaweza kusimama kando ya kamera na kumwelekeza mbwa wakati wote. Kipande kikiharibika hurudiwa, na mbwa wawili au watatu wanaofanana wanaweza kugawana kazi ya mhusika mmoja. Jukwaani tukio hupita mara moja tu kila usiku. Mkufunzi hujificha pembeni nyuma ya mapazia, na watazamaji hucheka, hukohoa na kupiga makofi wakati wowote. Tena jambo lilelile lazima lirudiwe kesho na keshokutwa. Katika majumba makubwa ya Broadway mjini New York kawaida ni maonyesho 8 kwa wiki, yaani zaidi ya 400 kwa mwaka kwa mchezo usiosimama.

Katika sarakasi mbinu za mnyama ndizo onyesho lenyewe, na mkufunzi husimama wazi pamoja naye. Katika mchezo wa kuigiza mafunzo hayatakiwi kuonekana. Mbwa anapomkimbilia mtoto aliyepotea, watazamaji wanapaswa kuamini kwamba amefanya hivyo kwa mapenzi. Hivyo tendo gumu kuliko yote mara nyingi si kuruka wala kutembea kwa miguu miwili. Ni kutulia mahali pamoja huku mtu akiimba kwa sauti kubwa karibu naye.

## Historia

### Crab wa Shakespeare

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanamfahamu William Shakespeare kupitia tafsiri za Mwalimu Julius Nyerere, *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*. Katika tamthilia nyingine ya mwandishi huyo, *The Two Gentlemen of Verona*, iliyoandikwa mwanzoni mwa kazi yake na kuchapishwa mwaka 1623, kuna mbwa aitwaye Crab. Bwana wake ni mtumishi mchekeshaji Launce. Launce analalamika kwamba siku ya kuagana nyumbani jamaa wote walilia, hata paka, lakini Crab hakutoa chozi hata moja. Baadaye anaeleza jinsi alivyokubali kuchapwa viboko kwa kosa lililofanywa na mbwa huyo chini ya meza ya mtawala.

Mwandishi hakumpa Crab tendo lolote gumu. Mbwa anahitajika kuwapo tu. Akipiga miayo, akilala au akiwatazama watazamaji, kila jambo linathibitisha maneno ya bwana wake kwamba hana huruma, na watu hucheka. Mpaka leo waongozaji hutumia somo hilo: ni salama zaidi kuandika tukio ambamo lolote atakalofanya mbwa litafaa.

### Tamthilia za mbwa katika karne ya 19

Tarehe 5 Desemba 1803 ukumbi wa Drury Lane mjini London ulionesha *The Caravan* ya Frederic Reynolds. Ndani yake mbwa aitwaye Carlo alijitupa katika maji halisi yaliyowekwa jukwaani na kumwokoa mtoto. Mchezo ulivutia umati na kuuletea ukumbi fedha zilizohitajika sana. Inasimuliwa kwamba Richard Brinsley Sheridan, aliyekuwa mmoja wa wamiliki, alikwenda nyuma ya jukwaa akimwita mwokozi wake. Mwandishi alipojitokeza, aliambiwa kwamba anayetafutwa ni mbwa.

Mwaka 1814 René-Charles Guilbert de Pixérécourt alionesha mjini Paris tamthilia kuhusu mbwa wa Montargis. Msingi wake ni hadithi ya kale ya Ufaransa: bwana mmoja aliuawa msituni, na mbwa wake akamtambua muuaji na kumwandama mpaka kosa likafichuka. Mchezo ulipokewa vizuri na katika mwaka huohuo toleo la Kiingereza likaoneshwa London. Kutokana na mafanikio hayo ukazuka mtindo mzima wa tamthilia zilizotungwa kwa ajili ya mbwa. Waigizaji kama Barkham Cony walisafiri Uingereza na Marekani pamoja na mbwa wao wenyewe.

Tamthilia hizo zilikuwa na muundo unaofanana. Mbwa alimwokoa mtoto, alileta barua au alifichua siri, na mwishoni alimrukia mhalifu na kumkamata shingoni. Ili jambo hilo lifanyike bila kuumiza, mwigizaji wa mhalifu alivaa kitambaa kinene kilichojazwa pamba. Mbwa alikuwa amefunzwa kushika kitambaa hicho na si mwili. Watazamaji waliona hasira ya haki. Mbwa aliona mchezo wa kuvutana aliouzoea.

### Goethe na mbwa wa Weimar

Tukio linalokumbukwa zaidi katika historia hii lilitokea Ujerumani. Mshairi Johann Wolfgang von Goethe alikuwa ameongoza ukumbi wa mtawala wa Weimar tangu mwaka 1791. Mwaka 1817 mwigizaji msafiri aitwaye Karsten alitaka kuonesha hapo mchezo wa mbwa wa Montargis pamoja na pudeli wake aliyefunzwa. Goethe alipinga, akiona kwamba jukwaa la sanaa si mahali pa maonyesho ya mbwa. Mtawala Karl August pamoja na mwigizaji Karoline Jagemann, aliyekuwa na nguvu kubwa katika ukumbi huo, waliutaka mchezo. Ulioneshwa mwezi Aprili, na Goethe akaondoka katika uongozi baada ya miaka 26.

Kwa nje ugomvi ulihusu mbwa, lakini ndani yake kulikuwa na mvutano wa muda mrefu kuhusu nani anaamua mambo ya ukumbi. Hata hivyo swali lililoulizwa siku zile bado linaulizwa: je, mnyama jukwaani anaisaidia hadithi, au anawafanya watu waisahau hadithi na kumtazama yeye?

### Marekani: mbwa wa kusaka watumwa

Riwaya ya Harriet Beecher Stowe, *Uncle Tom's Cabin*, ilitolewa kama kitabu mwaka 1852 na kuigizwa mara moja katika miji mingi. Katika riwaya, mtumwa Eliza anavuka mto Ohio juu ya vipande vya barafu akiwa na mtoto wake huku akifuatwa na mfanyabiashara wa watumwa. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 vikundi vya maigizo viliongeza jambo ambalo halimo katika tukio hilo la kitabu: kundi la mbwa wakali wakimfukuza. Matangazo yaliwaita mbwa wa kunusa nyayo, ingawa mara nyingi walioletwa walikuwa mbwa wakubwa wa aina nyingine waliochaguliwa kwa ajili ya umbo lao la kutisha. Walitembezwa mitaani kabla ya onyesho ili kuvuta watu.

Mfano huu unaonesha hatari ya upande wa hadithi. Mateso ya watumwa, waliosakwa kwa mbwa katika maisha halisi, yaligeuzwa kuwa burudani ya kusisimua. Wengi waliokwenda kutazama walikumbuka mbwa kuliko hoja ya mwandishi dhidi ya utumwa.

### Malalamiko juu ya ukatili

Karibu na mwisho wa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 kumbi za burudani zilijaa vikundi vya mbwa waliocheza, waliopanda ngazi na kuvaa nguo. Mafunzo mengi yalifanyika kwa siri, na adhabu, njaa na vipigo vilikuwa njia za kawaida kwa baadhi ya wakufunzi. Mwandishi Mmarekani Jack London alizungumzia ukatili huo katika riwaya *Michael, Brother of Jerry*, iliyotolewa mwaka 1917 baada ya kifo chake. Mwaka uliofuata ilianzishwa klabu iliyobeba jina lake. Wanachama waliahidi kutoka nje ya ukumbi kila walipoona wanyama waliofunzwa wakiletwa jukwaani.

Nchini Uingereza kamati ya bunge ilichunguza suala hilo, na mwaka 1925 ikapitishwa sheria ya kwanza ya nchi hiyo kuhusu wanyama wa maonyesho. Kila aliyefunza au kuonesha wanyama kwa malipo alitakiwa kujiandikisha kwa mamlaka ya mtaa, na maofisa wakapewa ruhusa ya kukagua mahali pa mafunzo.

### Kutoka Flush hadi Sandy

Katika karne ya 20 tamthilia zinazomtegemea mbwa kama shujaa zilipungua, kwa kuwa filamu ilichukua nafasi hiyo kupitia mbwa kama Rin Tin Tin na Lassie. Jukwaani mbwa alibaki kama mwenzi wa wahusika. Katika *The Barretts of Wimpole Street* ya Rudolf Besier (1930) mbwa Flush yupo chumbani pamoja na mshairi mgonjwa Elizabeth Barrett. Mwigizaji Katharine Cornell aliionesha tamthilia hiyo New York kuanzia mwaka 1931 na kusafiri nayo pamoja na mbwa. Katika *Of Mice and Men* ya John Steinbeck (1937) mzee Candy ana mbwa mkongwe ambaye wenzake wanataka auawe. Mbwa hutolewa nje taratibu, na mlio wa bunduki husikika kutoka mbali. Mbwa hafanyi tendo lolote la ajabu, lakini bila yeye watazamaji wasingeelewa vizuri hofu ya Candy ya kuwa mzee asiye na kazi.

Mabadiliko makubwa ya kisasa yalianza mwaka 1976 katika ukumbi wa Goodspeed, jimbo la Connecticut, Marekani. Kijana William Berloni alikuwa mwanafunzi wa kazi katika ukumbi huo na alitamani kuwa mwigizaji. Aliahidiwa nafasi ya kuigiza endapo angetafuta na kumfunza mbwa kwa ajili ya tamthilia mpya ya muziki, *Annie*, ya Charles Strouse, Martin Charnin na Thomas Meehan. Alikwenda katika makazi ya mbwa waliotelekezwa na kumpata mbwa mwenye manyoya ya rangi ya mchanga, aliyekuwa auawe siku iliyofuata kwa kukosa mtu wa kumchukua. Alimnunua kwa dola 7.

Mbwa huyo, aliyepewa jina la mhusika wake, Sandy, alikuwa mwenye hofu kwa sababu ya mateso ya zamani. Berloni hakuwa na elimu ya ukufunzi wa wanyama. Alianza kwa kumjengea mbwa imani, na mambo ya jukwaani yakafuata baadaye. Tarehe 21 Aprili 1977 *Annie* ilifunguliwa Broadway na ikaendelea mpaka tarehe 2 Januari 1983, baada ya maonyesho 2,377. Sandy alifariki mwaka 1990. Berloni akawa mkufunzi anayejulikana zaidi katika fani hii nchini Marekani, akitumia mbwa waliookolewa. Mwaka 2011 alipewa heshima maalumu ya Tuzo za Tony.

Miongoni mwa tamthilia nyingine zilizotumia mbwa hai ni *Legally Blonde* (Broadway, 2007), yenye mbwa mdogo wa aina ya Chihuahua na mwingine wa aina ya Bulldog. Nyingine ni *The Audience* ya Peter Morgan (London, 2013), ambamo mbwa wa aina ya Corgi walionekana pamoja na mhusika wa Malkia Elizabeth II. Matoleo mengi ya *The Wizard of Oz* humleta Toto akiwa mbwa halisi.

## Uteuzi wa mbwa

Mkufunzi huangalia tabia kabla ya sura. Mbwa anayefaa huwa na sifa zifuatazo:

* huwakaribia watu wasiomjua bila woga wala ukali;
* hurudia utulivu haraka baada ya kushtuliwa na kelele;
* hupenda sana chakula au mchezo fulani, ili zawadi iwe na thamani kwake;
* anaweza kukaa karibu na mbwa wengine bila kugombana;
* ana afya njema ya miguu, macho na masikio.

Mbwa aliyepita utoto na kutulia kitabia hufaa kuliko mtoto wa mbwa, ambaye huchoka upesi na kuvutwa na kila kitu kipya. Mtoto wa mbwa huletwa pale tu hadithi inapomhitaji kwa muda mfupi. Katika toleo la London la *The Curious Incident of the Dog in the Night-Time* (2012) mtoto wa mbwa huletwa karibu na mwisho, akiwa mikononi mwa watu.

Kila mhusika wa mbwa huhitaji pia mbwa wa akiba. Huyu hufunzwa mambo yote yaleyale na hupewa nafasi ya kuonekana mara kwa mara, ili siku mwenzake akiugua asikutane na taa na watazamaji kwa mara ya kwanza.

## Mafunzo

### Msingi wake

Njia inayotumika leo hutegemea kanuni moja ya saikolojia: tendo linalofuatwa na jambo zuri hurudiwa. Kanuni hiyo ilichunguzwa kwa kina na B. F. Skinner. Wanafunzi wake Keller na Marian Breland waliitumia kibiashara kwa wanyama wa aina nyingi kuanzia miaka ya 1940. Wakufunzi wengi hutumia kidude kidogo cha mkononi kinachotoa mlio mfupi. Mlio humwambia mbwa, "hapo hasa umepatia," na zawadi hufuata. Karibu na siku ya onyesho kidude huachwa na ishara ya mkono au neno hushika nafasi yake.

Vipigo haviachwi kwa ajili ya huruma peke yake. Mbwa mwenye hofu huonekana hivyo hata kutoka viti vya nyuma: huinamisha mkia, hulaza masikio na kutembea karibu na sakafu. Hakuna mwongozaji anayeweza kuwaaminisha watazamaji kwamba mbwa wa namna hiyo anampenda shujaa wa mchezo.

### Kugawa tendo katika hatua

Chukua mfano wa mbwa anayetakiwa kuvuka jukwaa "peke yake" kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa kweli anatoka kwa mtu mmoja na kwenda kwa mwingine. Hatua zake zinaweza kuwa hizi:

1. Mbwa hujifunza kumfuata mtu wa pili anapomwita kutoka hatua chache, naye hupata zawadi kila anapofika.
2. Umbali huongezwa kidogokidogo mpaka ulingane na upana wa jukwaa.
3. Kuita kwa sauti hubadilishwa kuwa ishara ya mkono, kisha kuwa kumwachia tu.
4. Kelele huongezwa: muziki wa sauti ndogo, baadaye mkubwa, watu wanaotembea, makofi.
5. Zoezi huhamishiwa jukwaani kwenye taa, mapambo na mavazi halisi.

Kosa likitokea, mkufunzi hurudi hatua moja nyuma. Kuruka hatua ili kuwahi siku ya ufunguzi ndiyo chanzo cha matatizo mengi, kwa kuwa mbwa aliyeogopa mara moja mahali fulani hupakumbuka kwa muda mrefu.

### Ishara na desturi ya kutangulia

Mbwa husikia sauti nyembamba kuliko zile zinazosikika na binadamu, na huona mabadiliko madogo ya mwili. Ishara inaweza kuwa mkono unaogusa paja au mwigizaji kupiga goti. Maneno ya mchezo nayo yanaweza kuwa ishara, lakini yana shida yake: mwigizaji akiyasema kwa namna nyingine, mbwa hubaki akisubiri.

Tatizo la kinyume hutokea baada ya miezi kadhaa. Mbwa hujifunza mpangilio wa mchezo mzima, akaanza kutenda kabla ya wakati kwa sababu anajua kinachofuata. Wakufunzi hulizuia jambo hili kwa mazoezi ya kusubiri, ambamo zawadi hutolewa kwa utulivu wenyewe, na kwa kubadili muda kati ya ishara na zawadi.

## Waigizaji binadamu

Uhusiano wa mbwa na mwigizaji wake hujengwa nje ya mazoezi ya kawaida. Mwigizaji humlisha, hutembea naye na kucheza naye mpaka mbwa amwone kama mtu wake. Waigizaji wengine huombwa wasimshike wala kumpa chakula. Ombi hili huwashangaza wageni, lakini lina sababu: mbwa anayependwa na kulishwa na kila mtu nyuma ya pazia hana sababu ya kumtazama mtu mmoja jukwaani.

Si kila mwigizaji yuko tayari kwa kazi hii. Wapo wanaoogopa mbwa na wapo wenye mzio wa manyoya. Wapo pia wenye sababu za dini. Kwa mfano, katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi na mahali palipoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mambo haya huulizwa kabla ya kugawa nafasi. Mwigizaji mwenye wasiwasi hufichua wasiwasi wake kwa mbwa kabla ya watazamaji.

Waigizaji hupaswa pia kujua la kufanya mbwa akikosea. Akikataa kuja, mwigizaji humfuata huku akisema neno linalofaa katika hadithi. Akiondoka mapema, mchezo huendelea bila yeye. Hakuna anayemkaripia jukwaani. Macho ya watazamaji humfuata mnyama daima, hivyo waongozaji huepuka kumpa mbwa mwendo wakati wa maneno muhimu.

## Siku ya onyesho

Mbwa hufika mapema na kutembezwa jukwaani kabla ya watazamaji kuingia, ili anuse mabadiliko yoyote ya mapambo. Hupelekwa nje kujisaidia karibu na saa ya kuanza. Hulishwa kidogo tu kabla ya mchezo, na chakula chake kamili hutolewa baadaye. Zawadi zake ni sehemu ya chakula hicho, na si nyongeza, ili asinenepe kupita kiasi.

Hukaa katika chumba tulivu mpaka karibu na zamu yake. Pembeni mwa jukwaa hushikwa na mtunzaji mmoja anayejulikana naye. Akitoka jukwaani, mtu wa kumpokea lazima awe tayari amesimama mahali palepale pa kila siku. Meneja wa jukwaa huandika katika daftari lake kila mahali mbwa anapoingia na kutoka, kama anavyoandika taa na sauti.

## Usalama na afya

Jukwaa lina hatari nyingi kwa mnyama. Milango ya sakafuni, majukwaa yanayozunguka na shimo la wanamuziki hufungwa au kuwekewa mlinzi mbwa anapokuwapo. Milio ya bunduki na fataki hupangwa akiwa mbali. Sakafu yenye kuteleza huumiza viungo, na misumari au pini zilizoanguka hufagiliwa kabla ya kila onyesho. Mbwa hujipoza hasa kwa kuhema, hivyo mavazi mazito chini ya taa kali humletea joto la hatari.

Vyakula vinavyotumika katika mchezo hukaguliwa. Chokoleti, zabibu, vitunguu na peremende zenye sukari mbadala ya zailitoli ni sumu kwa mbwa.

Dalili za mfadhaiko ni ndogo na hupita haraka: kupiga miayo bila usingizi, kulamba midomo, kugeuza kichwa, kuhema pasipo joto, kukataa chakula alichokipenda. Mtunzaji anapaswa kuwa na mamlaka ya kumtoa mbwa katika onyesho la usiku huo bila kusubiri idhini ya mwongozaji. Kama mamlaka hayo hayapo, mashindano kati ya tiketi zilizouzwa na hali ya mnyama huishia kwa mnyama kushindwa.

## Sheria

Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1925 ilitumika kwa zaidi ya miaka 90. Katika England nafasi yake ilichukuliwa na kanuni za mwaka 2018, zinazomtaka anayeonesha wanyama kibiashara awe na leseni na akaguliwe. Nchini Marekani sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 1966 ilipanuliwa mwaka 1970 ili kuwahusu pia wanaoonesha wanyama kwa umma. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili dhidi ya wanyama kwa jumla.

## Mjadala

Wanaotetea matumizi ya mbwa husema kwamba mbwa ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, hupenda kazi yenye zawadi, na kwamba jukwaa limewapa makazi mbwa waliokuwa wakingoja kuuawa. Wanaopinga husema kwamba kelele, safari na kurudia jambo moja mamia ya mara si maisha aliyoyachagua. Huongeza kwamba fedha za mchezo humlazimisha mkufunzi kuona ustawi pale anapotaka kuuona. Pande zote mbili hukubaliana kuhusu swali moja la kupimia: mbwa atakwenda wapi baada ya mchezo kufungwa? Mkufunzi anayestahili jina hilo huwa na jibu kabla ya mazoezi kuanza, ama kumtunza mwenyewe maisha yake yote au kumpatia familia ya kudumu.

## Njia mbadala

Si lazima mbwa wa hadithi awe mbwa halisi. Katika *Peter Pan* ya J. M. Barrie (London, 1904) mbwa mlezi Nana aliigizwa na binadamu, Arthur Lupino, ndani ya vazi la manyoya. Katika toleo la Broadway la *The Wizard of Oz* la mwaka 1903 nafasi ya Toto ilichukuliwa na ng'ombe Imogene, aliyeigizwa pia na mtu. Katika *Sylvia* ya A. R. Gurney (1995) mwigizaji wa kike anacheza mbwa bila kujificha, akiwa na mavazi ya kawaida ya binadamu.

Vikaragosi ni njia nyingine. Kikundi cha Handspring cha Afrika Kusini kilionesha mwaka 2007, katika *War Horse*, kwamba mnyama wa fremu na kitambaa anayeendeshwa na watu wanaoonekana wazi anaweza kuwaliza watazamaji. Mwaka 2022 tamthilia ya muziki *101 Dalmatians* mjini London ilitumia vikaragosi kwa mbwa wake wengi. Kwa shule na vikundi vidogo visivyo na mkufunzi, mtu, kikaragosi au sauti ya kubweka nyuma ya pazia ni chaguo bora kuliko mbwa wa jirani ambaye hajazoezwa.

## Tazama pia

* Mbwa
* Tamthilia
* Sarakasi
* William Shakespeare
* Haki za wanyama